Kutoka Ngoro za Mbinga hadi Mawe ya Mbuna: Siku Moja katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, katika sehemu iliyo ndani ya Mkoa wa Ruvuma, hautenganishiki na milima iliyo nyuma yake, kwa kuwa ardhi huteremka kutoka nyanda za juu za Wamatengo, zenye kimo kinachozidi mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye maji yaliyo katika kimo cha mita 470 hivi, kisha huendelea kuteremka chini ya maji hayo mpaka kwenye vina ambavyo jua halijapata kuvifikia. Safari ya siku moja ya kuzunguka visiwa kwa boti, inayoanzia Mbamba Bay na kujumuisha kupanda vilima vya mawe, kutazama wanyama na kuogelea kwa miwani juu ya miamba yenye samaki, kwa hakika ni safari ya kuupitia mteremko huo mmoja, na anayeingia botini bila kuyapita kwanza mashamba ya Mbinga hukosa kuelewa ni kwa nini maji atakayoyachungulia baadaye bado ni maangavu.

Ziwa lenyewe limekaa ndani ya Bonde la Ufa, yaani ule mpasuko mrefu wa ganda la dunia unaokatiza Afrika Mashariki, na ndiyo maana ni refu, jembamba na lenye kina kikubwa: urefu wake unapita kilomita 550, upana wake haufiki kilomita 80 popote, na kina chake katika sehemu iliyo chini kuliko zote ni takriban mita 700. Kwa eneo ni la tatu barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Nchi tatu zinalizunguka, ambazo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji, na suala la mahali unapopita mpaka kati ya mbili za kwanza, ambalo chimbuko lake ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, halijapata suluhu hadi leo, ingawa wavuvi wa pande zote mbili wameendelea kuuziana samaki na kuoana kana kwamba suala hilo halipo. Upande wa Ruvuma, pwani ya ziwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi mwaka 2012, ilipoundwa Wilaya ya Nyasa yenye makao makuu Mbamba Bay. Hata hivyo, mgawanyo huo wa kiutawala haukubadilisha mwenendo wa mito, ambayo huendelea kuchukua maji ya Mbinga na kuyapeleka ziwani.

Kwa sababu hiyo safari inafaa kuanza alfajiri katika miteremko ya Wamatengo, mahali ambapo jicho la mgeni hunaswa mara moja na mashamba yaliyojaa mashimo ya pembe nne yaliyopangwa kwa mistari, moja juu ya jingine, kuanzia bondeni hadi karibu na kilele. Mashimo hayo huitwa ngoro, na namna yanavyotengenezwa inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa hakuna njia ya kilimo katika ukanda huu iliyofikiriwa kwa makini zaidi. Mvua zinapokaribia kumalizika, mnamo mwezi Machi, wanaume hufyeka majani marefu ya shamba lililopumzishwa na kuyaacha yanyauke, kisha huyalaza katika mistari inayokatana ili kuunda miraba yenye upande wa mita moja na zaidi kidogo. Baada ya hapo wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba kwa jembe na kuutupa juu ya majani yaliyolazwa, hivyo kwamba katikati hubaki shimo na pembeni huinuka tuta lenye majani tumboni mwake. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo wakati udongo ungali na unyevu, na mvua za msimu unaofuata zikianza, mahindi huchukua nafasi yake.

Faida ya ngoro huonekana siku ya mvua kubwa. Maji yanayoporomoka mlimani hayapati njia ya moja kwa moja, bali huingia katika shimo la kwanza, hutulia, huacha tope lake chini na kupenya ardhini polepole, wakati majani yanayooza ndani ya tuta huupa udongo rutuba na kuushikilia usiondoke. Wamatengo walibanwa katika milima hii na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kulisha watu wengi kwenye miteremko mikali ambayo jembe la kawaida lingeigeuza kuwa makorongo katika misimu michache, na ngoro ndiyo elimu iliyowawezesha kuishi. Leo zipo bega kwa bega na mikahawa ya arabika, zao lililoijengea Mbinga jina lake, na pale ambapo ngoro zimeachwa kwa sababu vijana hawataki tena kazi hiyo nzito, mifereji myekundu ya mmomonyoko huonekana waziwazi hata kwa anayepita ndani ya gari.

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66 hivi, sasa ni ya lami, na mteremko ambao zamani wakati wa masika ulikuwa ukiwalaza abiria njiani huteremkwa kwa muda mfupi. Hewa hubadilika kadiri gari linavyoshuka: ubaridi wa mikahawa hubaki juu, miembe na mihogo huanza kutawala, na ziwa hujitokeza kati ya vilima likiwa na upana unaomfanya anayeliona kwa mara ya kwanza kutafuta ng'ambo bila kuiona. Mji wa Mbamba Bay umekaa kando ya ghuba iliyokingwa na vilima vya mawe, na ndio mwisho wa ile inayoitwa Ushoroba wa Mtwara, yaani njia ya uchukuzi inayokusudiwa kuunganisha bandari ya Mtwara, kwenye Bahari ya Hindi, na nchi zilizo ng'ambo ya ziwa.

Utalii wa visiwa katika mwambao huu bado haujawa biashara kubwa. Msafiri hupata chombo kwa kupatana na wenye boti za uvuvi au za abiria, ambazo kwa kawaida ni za mbao na husukumwa na injini inayofungwa nyuma, na busara ni kufanya mapatano hayo jana yake, kuhakikisha kwamba kila abiria ana jaketi la kuokolea maisha, na kuwaarifu viongozi wa kijiji na wale wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufukweni, maarufu kwa kifupi cha BMU, ambacho ni umoja wa wavuvi wenyewe unaoangalia mialo, yaani sehemu za kupakia na kupakulia samaki. Zaidi ya yote, nahodha asikilizwe kuhusu upepo. Kati ya Mei na Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini-mashariki unaosafiri juu ya maji kwa mamia ya kilomita bila kizuizi, na mawimbi yake ni ya kiwango cha bahari, si cha ziwa. Ilikuwa katika ziwa hili, mwaka 1895, ambapo Chauncy Maples, askofu wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake katika kisiwa cha Likoma, alizama na kufariki baada ya boti yake kupinduliwa na dhoruba. Miezi ya Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua kuanza kushusha tope la mito, ndiyo yenye maji tulivu na maangavu zaidi, na hata wakati huo asubuhi ni salama kuliko alasiri.

Visiwa vilivyo kati ya Mbamba Bay na Liuli, kama vile Lundo, Puulu na Hongi, pamoja na miamba mingi isiyo na jina kwenye ramani za kawaida, havina umbo la visiwa vya matumbawe vya pwani ya bahari. Hivi ni vilele vya vilima vilivyozingirwa na maji, vyenye mawe makubwa ya mviringo yaliyolundikana moja juu ya jingine, na miti inayojipenyeza kati ya nyufa. Kupanda hapa hakuhitaji kamba wala vifaa, bali viatu vyenye kushika na mikono isiyoogopa kuparuzwa, kwa sababu njia hupita juu ya mawe yenyewe, na mara nyingi mtu hulazimika kujipenyeza katikati ya majabali mawili. Aliyefika juu huuona mpangilio wa mwambao wote: mashariki milima inayopanda kwa ngazi kuelekea Mbinga, na chini, kuzunguka kisiwa, mkanda wa maji ya kijani kibichi yanayoonyesha mawe ya chini, unaokoma ghafla pale buluu nzito inapoanza. Mkanda huo mwembamba ndio wenye sehemu kubwa ya utajiri wa ziwa.

Wanyama wa mwambao wa mawe hawana ukubwa wa wale wa Serengeti, na anayewatafuta hana budi kunyamaza. Tai mlasamaki, mwenye kichwa na kifua cheupe, hukaa juu ya mti mkavu na kutoa mlio unaosikika mbali. Minandi, ndege weusi wanaopiga mbizi, hujipanga juu ya miamba wakiwa wametandaza mabawa yao yakauke. Na mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe husimama hewani kwa kupiga mabawa haraka kabla ya kujiangusha majini. Kenge hujianika juani kandokando ya maji. Aliye na bahati atamwona fisimaji, mnyama wa manyoya mwenye miguu mifupi na mkia mnene, ambaye huwinda samaki kati ya mawe na kuja kuwala nchi kavu, na alama za karamu yake, mifupa na magamba yaliyosagwa, hupatikana juu ya majabali hata pale mwenyewe asipoonekana. Mamba na viboko hukaa zaidi kwenye midomo ya mito, hususan Mto Ruhuhu upande wa kaskazini, na ndiyo sababu hakuna mtu wa huko anayekubali mgeni aogelee karibu na mdomo wa mto wowote.

Kuogelea kwa miwani na bomba la kupumulia, ambako muogeleaji hulala kifudifudi juu ya maji na kutazama chini huku akivuta hewa kwa mdomo, ndiyo sehemu ya siku isiyopaswa kuharakishwa. Chini ya uso wa maji, katika kina ambacho mtu angeweza kusimama, kuna mbuna, jina ambalo watu wa ziwa hili hulitumia kwa samaki wadogo wa miambani na ambalo wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo. Wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Dume la aina mojawapo huwa na buluu inayong'aa yenye mistari myeusi ya wima, la aina nyingine ni la manjano, na majike wengi ni wa kahawia au kijivu; wote huonekana wakiusogelea mwamba na kuugusa kwa mdomo tena na tena, wakikwangua kwa meno madogo yaliyosongamana ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe, ambao ni mchanganyiko wa mwani na vijidudu. Kila dume lina kipande chake cha jiwe, na jirani akivuka mpaka hufukuzwa papo hapo, kisha mwenye eneo hurejea kwenye kazi yake ya kukwangua.

Uzazi wao ni wa kushangaza zaidi. Jike hutaga mayai machache juu ya jiwe na kuyachukua mara hiyo hiyo mdomoni, na kwa kuwa dume ana madoa ya manjano yenye umbo la mayai kwenye pezi lake la chini, jike huyasogelea madoa hayo kana kwamba ni mayai yaliyobaki, na hapo ndipo mayai yaliyomo kinywani hurutubishwa. Kwa muda wa majuma matatu hivi jike hubeba mayai, kisha vifaranga, mdomoni bila kula, na shavu lake lililovimba huonekana kwa urahisi na muogeleaji mwenye subira. Pale mawe yanapokoma na mchanga kuanza, sura hubadilika: madume ya aina nyingine hujenga vichuguu vya mchanga kwa kuubeba kidogo kidogo mdomoni, ili majike yaje kutaga juu yake. Kuna pia samaki wa mabaka ambaye kitaalamu huitwa Nimbochromis livingstonii, anayejilaza ubavu juu ya mchanga kama mzoga na kuwasubiri samaki wadogo wanaokuja kudonoa, kisha huwameza.

Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, makadirio ya wataalamu yakianzia mamia kadhaa hadi kufikia 1,000, na sehemu kubwa yao hawapatikani popote pengine. Sababu mojawapo ya wingi huo huonekana wazi kwa anayehama kisiwa hadi kisiwa kwa siku moja, kwani mbuna hawathubutu kuvuka mchanga wala maji ya kina, ambako hawana pa kujificha, na hivyo kila rundo la mawe ni nchi peke yake, ambamo vizazi vimeendelea kutengana kwa rangi na umbo. Samaki anayeonekana Puulu huenda akawa na binamu wa rangi nyingine Hongi, na jina Hongi lenyewe hujulikana na wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani ambao hawawezi kuionyesha Mbamba Bay kwenye ramani, kwa sababu yupo samaki wa buluu mwenye utosi wa rangi ya chungwa anayeuzwa kwa jina la kisiwa hicho. Ni haki kusema kwamba watoto wa Liuli na Mbamba Bay wangestahili kufundishwa jambo hilo darasani.

Sasa uhusiano na ngoro hudhihirika. Jike la mbuna humtambua dume wa aina yake hasa kwa rangi, na rangi huonekana tu katika maji maangavu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, ulioonyesha kwamba pale maji yalipochafuka, samaki wa jamii hii walipoteza rangi zao kali, majike wakashindwa kuchagua, na aina zilizokuwa zimetengana zikaanza kuchanganyika na kutoweka. Tope kutoka mashambani hufanya hivyo hivyo, na zaidi ya hapo hufunika utelezi wa mawe ambao ndio malisho ya mbuna. Mkulima wa Mbinga anayechimba shimo lake mlimani, kwa hiyo, hulinda samaki ambaye pengine hajawahi kumwona, na mtunga sera anayetaka kuendeleza utalii wa ziwa pasipo kumsaidia mkulima huyo anauza mali huku akiuacha mlango wazi. Hali ni hiyo hiyo kwa mitambo ya kuoshea kahawa, ambayo maji yake yenye maganda yaliyochachuka hayana budi kuzuiliwa katika mashimo kabla ya kufikia vijito.

Kati ya visiwa hivi, Lundo kina historia nzito. Katika enzi ya misheni kilitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ukoma, ugonjwa unaosababishwa na bakteria waliotambuliwa na tabibu wa Norway, Armauer Hansen, mwaka 1873, na ambao kwa sasa hutibika kabisa kwa mchanganyiko wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliopelekwa huko waliiona pwani ya kwao kila siku. Anayepanda mawe ya Lundo kwa furaha ya matembezi anapaswa kulijua hilo kabla hajashuka botini, na atembee kwa heshima ya mahali walipoishi watu ambao hawakuchagua kuwapo.

Liuli, kituo cha kawaida cha mchana, ina hospitali ya Kianglikana iliyoachwa na misheni, na mwamba wa Pomonda, ambao wenyeji husimulia kuwa mapango yake yalikuwa maficho ya watu nyakati za vita. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe la bandarini lenye umbo la sanamu ya Misri, na hapo, mnamo Agosti 1914, vilitokea vita vinavyohesabiwa kuwa miongoni mwa mapambano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiongozwa na Rhoades, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga na kuilemaza, wakati nahodha wake, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, hakuwa hata na habari kwamba vita vimetangazwa. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha wakoloni, lakini kwa watu wa mwambao lilikuwa mwanzo wa miaka ya upagazi wa lazima na njaa.

Chakula cha mchana hapo huwa ugali wa muhogo na samaki: usipa, dagaa wa ziwa hili, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa, au magege, au mbasa, samaki mrefu wa rangi ya fedha anayepanda mitoni kutaga na ambaye amepungua kwa sababu nyavu humsubiri kwenye midomo ya mito hiyo hiyo. Mgeni asisahau kuuliza pia kuhusu kichocho, ugonjwa wa minyoo inayoingia mwilini kupitia ngozi baada ya kukua ndani ya konokono wa maji. Utafiti wa kusini mwa ziwa umehusisha kuenea kwake na uvuvi uliopindukia wa samaki wanaokula konokono hao. Miamba ya visiwani, iliyo mbali na matete na makazi ya watu, ina hatari ndogo kuliko fukwe za vijijini, lakini kipimo hospitalini majuma kadhaa baada ya safari, na dawa ya praziquantel kwa atakayekutwa na maambukizi, ni sehemu ya gharama za safari kama ilivyo mafuta ya boti.

Boti hurejea Mbamba Bay mapema, kabla upepo wa jioni haujaongezeka, ikiambaa na pwani ili ipate pa kukimbilia. Mwenye siku za ziada anaweza kuendelea kaskazini kwa meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 na kuunganisha Mbamba Bay na Kyela kupitia Liuli na Manda, akipita chini ya Milima ya Livingstone, ambako mteremko ule ule ulioanzia Mbinga huwa mkali kiasi kwamba kwa masafa marefu hakuna nafasi ya barabara kati ya mlima na maji, na vijiji vya huko hutegemea chombo cha majini kwa dawa, saruji, walimu na barua.